Lanchi na vitafunio vya wanga kidogo kazini kwa mwenye kisukari: jinsi ya kujipanga hatua kwa hatua

Mtu mwenye kisukari akiwa nyumbani anaweza akajitawala vizuri tu, jiko ni lake, sahani ni yake, akisikia njaa anafungua friji anajua kuna nini. Kasheshe inaanza kazini. Unatoka kwenye kikao saa saba mchana kichwa kizito, tumbo linanguruma, na kilichopo karibu ni mkate, wali, chipsi, soda na keki ya bethidei ya mtu wa uhasibu, hapo hata uwe na nidhamu ya mwanajeshi utakula kilichopo tu. Kwa hiyo mwongozo huu wote umekaa juu ya kitu kimoja: lanchi ya mwenye kisukari inaamuliwa kabla njaa haijafika, jana usiku au asubuhi ukiwa umeshiba, sio saa saba. Ukishaikubali hiyo, mengine yanabaki kuwa mahesabu madogo madogo na vyombo vya kubebea.

Nitaongea zaidi na mwenye kisukari cha aina ya 2 anayefanya kazi ya kukaa au ya kusimama kawaida. Aina ya 1 na mjamzito mwenye kisukari wanaweza kuchukua mawazo ya chakula humu ila kiasi cha wanga wakipange na watu wao wa kliniki, hilo sio la kujiamulia.

Hatua ya 1: Dawa kwanza, mapishi baadaye

Naiweka mwanzo makusudi maana watu wakisikia "wanga kidogo" wanaruka moja kwa moja kwenye kuku na saladi. Kama unachoma insulini, au unameza vidonge vya kundi la glibenklamidi, gliklazidi au glimepiridi, hizo dawa zinashusha sukari iwe umekula wanga au hujala. Dozi yako ilipangwa ukiwa unakula sahani iliyojaa wali, leo umekula mayai na kabichi halafu dozi ni ile ile, sukari itateremka chini kuliko inavyotakiwa na utajikuta unatetemeka na jasho linakutoka mbele ya wateja. Metformini, kidonge kingine cha kisukari, ikiwa peke yake mara nyingi haina hiyo tabia, ila ikichanganywa na hizo nyingine hesabu inabadilika.

Kuna kundi jingine watu hawaambiwi vya kutosha, vidonge vinavyotoa sukari kupitia mkojo, empagliflozini, dapagliflozini, kanagliflozini. Ukiwa kwenye hizi halafu ukakata wanga kwa ukali sana, damu inaweza kujaa asidi ya ketoni, ile mwili unaitoa ukichoma mafuta badala ya sukari, na kibaya zaidi glukomita, kimashine chako cha kupima sukari, inaweza isionyeshe namba ya kutisha, kwa hiyo unajiona uko sawa kumbe hauko sawa. Kichefuchefu, kutapika, tumbo kuuma, kuhema haraka haraka, uchovu usioeleweka, ukiona hayo na uko kwenye dawa hizi nenda hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri ipite.

Sasa ukienda kwa daktari usimwambie "nataka kudayeti", hilo neno halimsaidii kitu. Mwambie hivi: mchana huwa nakula kiasi hiki cha wali au mkate, nataka nishuke hadi kiasi hiki, dawa zangu ni hizi na nazitumia saa hizi, tubadilishe nini? Mwenye shida ya figo aulize pia kuhusu protini, maana lanchi nyingi za wanga kidogo zinaegemea nyama, samaki na mayai, na figo iliyochoka inaweza kuhitaji mpaka.

Hatua ya 2: Jua wanga umejificha wapi, kwa namba

Huna haja ya kuwa mtaalamu wa lishe ila kuna namba chache ukizikariri zinakufungua macho. Kikombe kimoja cha wali mweupe ulioiva kina wanga kama gramu 45, na watu wengi sahani yao ni vikombe viwili au zaidi. Pasta iliyoiva kikombe kimoja inakaribia hapo hapo. Slaisi moja ya mkate ni gramu 12 hadi 15, kiazi cha kuchemsha cha wastani kama 30, tufaha la wastani 25, ndizi mbivu ya wastani 27. Soda ya mililita 330 ina sukari kama gramu 35, ambayo ni karibu vijiko 9 vya chai, na hakuna nyuzinyuzi wala chochote cha kuichelewesha, inaingia kwenye damu kama maji ya bomba.

Upande wa pili: yai moja halifiki hata gramu 1. Kuku, samaki, nyama isiyo na unga wala sosi tamu, karibu sifuri. Jibini ngumu kipande cha kawaida, chini ya gramu 1. Nusu parachichi lina kama gramu 8 au 9 lakini sehemu kubwa ya hizo ni nyuzinyuzi ambazo hazipandishi sukari. Nyanya moja ya wastani 5, tango, letusi, spinachi mbichi, namba zake ni ndogo mno hata kuhesabu ni kupoteza muda.

Katikati kuna vyakula ambavyo watu wanabishania sana. Maharage, dengu na kunde vina wanga, nusu kikombe kilichoiva ni kama gramu 20, ila vina nyuzinyuzi nyingi na protini kwa hiyo sukari inapanda polepole. Mimi sio mtu wa kuyafukuza kwenye lanchi, nayapima tu. Maziwa kikombe kimoja ni gramu 12. Na karoti jamani mwacheni karoti apumzike, moja ya wastani ni kama gramu 6, hakuna mtu aliyepata kisukari kwa kula karoti.

Swali linalofuata ni ule wanga kiasi gani. Hakuna namba moja ya watu wote. Wataalamu wengi wakisema wanga kidogo wanamaanisha chini ya gramu 130 kwa siku, na kidogo sana ni chini ya 50 hivi. Ripoti ya Chama cha Kisukari cha Marekani ya mwaka 2019 ilisema kupunguza wanga kwa ujumla ndo njia ya kula yenye ushahidi mwingi zaidi wa kuboresha sukari ya damu, ila haikumlazimisha mtu namba moja, na ikasisitiza kila mtu apangiwe kivyake. Kwa lanchi ya kazini mahali pazuri pa kuanzia kwa wengi ni gramu 20 hadi 40, inakubana kiasi cha kuona tofauti bila kukufanya ufikirie mkate mchana kutwa. Kama ulikuwa unakula gramu 100 mchana, usishuke hadi 15 kesho yake, shuka taratibu ukipima.

Jambo dogo la lebo za pakiti. Angalia mstari wa wanga wote, sio wa sukari peke yake, maana biskuti ya "bila sukari" bado ni unga na unga ni wanga. Halafu angalia namba hiyo ni ya kiasi gani, ya pakiti nzima au ya biskuti mbili, hapa ndo wanakuchezea. Na kama unanunua vitu vya nchi tofauti, lebo za Marekani zinahesabu nyuzinyuzi ndani ya wanga, za Ulaya zinaziweka pembeni, kwa hiyo usitoe nyuzinyuzi kwenye lebo ya Ulaya, utakuwa umezitoa mara mbili.

Hatua ya 3: Panga kontena, usipange menyu

Watu wanaanza na menyu ya mwezi mzima yenye rangi, Jumatatu hiki Jumanne kile, wiki ya pili imekufa. Rahisi zaidi ni kuwa na kontena moja lenye ukubwa ule ule kila siku na kulijaza kwa mpangilio ule ule: nusu ya kontena mboga zisizo na wanga mwingi, robo protini, robo iliyobaki ndo uwanja wa majadiliano. Kwa mtu anayeanza, hiyo robo inaweza kuwa wali kidogo, kiazi kidogo au maharage. Kwa anayebana zaidi hiyo robo inagawanywa, mboga zinaongezeka na parachichi au jibini inaingia. Nimelipenda hili kwa sababu halihitaji mizani, macho yanatosha, na ukichelewa kuamka unaweza kulipanga huku umesinzia.

Protini usiifanyie ubahili. Lanchi ya majani matupu na nyanya nusu, saa tisa utakuwa kwenye droo ya mwenzako unatafuta biskuti. Kipande cha kuku au samaki kinachokaribia ukubwa wa kiganja chako, au mayai mawili matatu, au tofu (ile ya maharage ya soya) kwa asiyekula nyama, ndo kinachokushikilia hadi jioni. Mafuta nayo kidogo yanasaidia kushiba, mafuta ya zeituni, parachichi, karanga, mbegu. Ila wanga kidogo isiwe kisingizio cha kula soseji na nyama za pakiti kila siku, kisukari tayari kinauweka moyo kwenye hatari na zile nyama zina chumvi nyingi, na soseji nyingi zinajazwa unga pia.

Mchanganyiko ambao haukatai hata kwa mtu asiyejua kupika:

Kuku wa kuchoma au kuchemsha aliyebaki jana, kabichi iliyokaangwa haraka haraka na karoti kidogo, na nusu parachichi. Inakuja kama gramu 20 za wanga na sehemu nzuri ni nyuzinyuzi. Parachichi libebe na mbegu yake na ulikate kazini, ukilikata asubuhi linakuwa jeusi, au lipake limao.

Tuna au sadini wa kopo na mayai mawili ya kuchemsha juu ya letusi, tango na nyanya, mafuta ya zeituni na limao kwenye kichupa kidogo pembeni. Haifiki gramu 15. Tahadhari ya kijamii: samaki wa kopo usimfungulie kwenye ofisi ya watu kumi na madirisha yamefungwa.

Nyama ya kusaga iliyopikwa na pilipili hoho, kitunguu na viungo, unaifunga kwenye majani mapana ya letusi au kabichi iliyochovywa maji ya moto badala ya mkate. Majani na nyama vibebe mbalimbali ukafunge pale pale, la sivyo inalowa.

Supu ya kuku au nyama yenye mboga nyingi, bila unga wa kuifanya nzito na bila viazi, kwenye chupa ya supu. Hii kwa siku za baridi au kwa mtu ambaye, kama mimi, saladi baridi siku tano mfululizo inamtia huzuni.

Asiyekula nyama: nusu kikombe cha maharage au dengu, spinachi ya kukaanga, yai au jibini au tofu, na kachumbari. Iko kwenye 30 hivi, na kwa wengi inakubalika kabisa.

Kuna na koliflawa iliyokunwa vipande vidogo kama punje za wali, unaikaanga dakika tano kwenye mafuta kidogo, kikombe kimoja ni gramu 5 tu ukilinganisha na zile 45 za wali. Sitakudanganya kwamba ni wali, sio wali, lakini ukiimwagia mchuzi mzito inabeba kazi. Mchuzi wenyewe usiwe na sukari wala unga, sosi za nyanya za chupa na zile tamu tamu za kuku zina sukari nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Hatua ya 4: Pika mara moja, ule mara nyingi

Siku moja ya mapumziko chemsha mayai ya wiki, choma au chemsha protini mbili, osha na kausha mboga. Basi. Usipike milo kamili mitano, pika vipande ambavyo asubuhi unaviunganisha. Mayai ya kuchemsha yakiwa na ganda lake yanakaa kwenye friji hadi wiki moja, nyama na mboga zilizopikwa siku 3 hadi 4, kwa hiyo cha Alhamisi na Ijumaa kiweke friza tangu mwanzo. Ukipika chakula cha usiku ongeza kipande kimoja cha kuku zaidi na ukitoe kabla sahani hazijapakuliwa, maana ukisema "nitachukua kitakachobaki" hakitabaki.

Kisha usalama. Chakula kilichopikwa kisikae nje ya friji zaidi ya masaa mawili, na kukiwa na joto la zaidi ya nyuzi 32 kisizidi saa moja. Kama kazini hakuna friji tumia begi la baridi lenye vipande viwili vya barafu ya kugandisha, au kinyume chake chupa ya moto: mimina maji yanayochemka ndani, funika dakika kama 10, yamwage, ndo uweke supu ikiwa inachemka. Ukiruka hatua ya kupasha chupa, mchana utakunywa supu ya uvuguvugu ambayo bakteria wanaifurahia kuliko wewe. Ukipasha kwenye maikroweivu hakikisha katikati pamechemka kabisa, sio pembeni tu. Kwa mtu mwenye kisukari tumbo kuharibika sio kuharisha tu, ukitapika na dawa umeshameza au insulini umeshachoma, sukari inaweza kuyumba vibaya.

Kama kazi yako ni ya kuzunguka na hakuna friji wala sehemu ya kupasha, panga vitu visivyooza: samaki wa kopo wa kufungua kwa mkono, karanga, mbegu, parachichi zima, tango na nyanya nzima na kisu kidogo. Inatosha.

Hatua ya 5: Vitafunio, na kwanza jiulize kama unavihitaji

Hapa nitatofautiana na watu. Ile kauli ya kwamba mwenye kisukari lazima ale kila baada ya masaa matatu sio sheria ya kila mtu. Kama hauko kwenye insulini au vile vidonge vya kushusha, na lanchi yako ilikuwa na protini ya kutosha, unaweza usihitaji kitu mpaka jioni, na kula bila njaa kunapandisha tu sukari ambayo ilikuwa imetulia. Kama dawa zako ni za kushusha, au kuna pengo refu kati ya milo, au una kazi ya nguvu, hapo kitafunio kina kazi yake.

Kizuri kiwe na wanga chini ya gramu 10 hadi 15 na protini au mafuta kidogo. Konzi ndogo ya karanga, gramu 28 hivi, ina wanga kama 5 na protini 7. Lozi punje 23 hivi ni uzito ule ule, wanga 6 na zaidi ya nusu ni nyuzinyuzi. Korosho ni tamu lakini ziko juu kidogo, kama 8 au 9. Zote zina kalori kama 160 kwa hiyo kitu cha msingi ni kuzipima nyumbani kwenye vifuko vidogo, usije na kilo nzima kwenye droo halafu unachomoa huku unajibu imeili, zitaisha hujui ziliishaje.

Vingine: yai la kuchemsha na chumvi kidogo, vijiti vya tango na pilipili hoho na siagi ya karanga isiyo na sukari, kipande cha jibini na nyanya ndogo, mtindi mzito usiotiwa sukari wala ladha ambao kopo la gramu 170 lina wanga kama 6 au 7. Yoguti za matunda za dukani, kopo la ukubwa ule ule linaweza kuvuka 20, na picha ya stroberi kwenye mfuniko haibadilishi kitu. Ukitaka tunda kula nusu ya tufaha na karanga, tunda zima la kutafuna na sio juisi. Kikombe cha stroberi ni kama gramu 12 na kinaridhisha hamu ya utamu vizuri kuliko biskuti mbili.

Pipi na chokoleti za "kisukari" mimi siziungi mkono. Nyingi zinatumia maltitoli, kitamu cha kuwekwa badala ya sukari, ambayo bado inapandisha sukari kwa kiasi fulani, na ukizila nyingi tumbo linajaa gesi na kukukimbiza chooni, jambo ambalo kwenye kikao cha masaa mawili hutalifurahia.

Hatua ya 6: Vinywaji, vikao na watu

Vinywaji ni sehemu ambayo mtu anaweza kupata matokeo makubwa kwa jasho dogo. Kama unakunywa chai tatu kazini na kila kikombe vijiko viwili, hiyo ni gramu 24 za sukari tupu kabla hujagusa chakula. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi unazoea. Kahawa kubwa ya maziwa ina wanga wa maziwa hata isipotiwa sukari. Maji, chai ya rangi, kahawa nyeusi, maji yenye limao, hizo ni bure kwenye hesabu. Juisi, hata uliyokamua mwenyewe, iko pamoja na soda kwenye hii safari.

Kwenye kikao ambacho kuna chakula cha kuagiza, jitahidi uulize mapema kitakuwa nini, na ukikuta ni sandwichi kula vilivyomo ndani na uache mkate mmoja au yote miwili. Ukikuta bufee anza na mboga na nyama, wali uje mwisho na uwe kidogo. Huo mpangilio wenyewe una faida: ukitanguliza mboga na protini halafu wanga ukafuata, sukari baada ya kula haipandi kwa kasi ile ile ya kuanza na wanga, hata kama vyakula ni vile vile.

Keki ya bethidei. Hakuna haja ya kutoa hotuba ya kongosho. "Asante, nimeshiba, nitachukua baadaye" inatosha, na ukitaka kweli kula chukua kipande kidogo mara baada ya lanchi yenye protini badala ya saa kumi tumbo tupu. Mwenzako mmoja angalau ajue una kisukari, sio kwa ajili ya keki, kwa ajili ya hatua inayofuata.

Hatua ya 7: Droo ya dharura

Ndio, mwongozo wa wanga kidogo unakuambia uweke sukari kwenye droo, na hili halina mjadala kwa yeyote aliye kwenye insulini au vidonge vya kushusha. Sukari ikiwa chini ya 70 mg/dL, yaani 3.9 kwa mashine zinazosoma mmol/L, au unatetemeka, unatoka jasho, moyo unaenda mbio, unachanganyikiwa na huna jinsi ya kupima, chukua gramu 15 za sukari ya haraka: nusu glasi ya juisi au soda ya kawaida kama mililita 120 hadi 150, au kijiko kimoja kikubwa cha sukari au asali, au vidonge vya glukosi vitatu vinne. Subiri dakika 15, pima tena, kama bado iko chini rudia. Ikishapanda, na mlo unaofuata uko mbali, kula kitu chenye wanga kidogo na protini.

Chokoleti na karanga hazifai kwa kazi hii maana mafuta yanachelewesha sukari kuingia. Soda ya dayeti haifai kabisa, haina sukari, na watu wenye nia njema ndo huwa wanaileta. Mweleze yule mwenzako kwamba ukizimia asikumiminie kitu mdomoni, aite gari la wagonjwa. Kama unaendesha gari au mashine, simama kwanza, tibu, na usirudi kwenye usukani dakika ile ile namba ilipopanda, ubongo unachelewa kidogo kurudi sawa. Maelekezo ya Uingereza kwa madereva ni kusubiri dakika 45 baada ya sukari kurudi 5 mmol/L, ambayo ni 90 mg/dL, na mimi naona ni kipimo cha busara popote ulipo.

Hatua ya 8: Acha glukomita iamue

Mwili wa mtu na mtu. Kuna anayekula nusu kikombe cha maharage na namba haishtuki, mwingine maharage hayo hayo yanampeleka juu. Kwa hiyo lanchi unayoila mara kwa mara ipime: kabla ya tonge la kwanza, na masaa mawili baada ya tonge la kwanza, sio baada ya kumaliza kula. Malengo ya kawaida ya watu wazima wasio wajawazito ni 80 hadi 130 mg/dL kabla ya kula na chini ya 180 baada ya kula, kwa mmol/L ni 4.4 hadi 7.2 na chini ya 10, ila kama kliniki yako imekupa malengo tofauti fuata hayo. Kubadilisha kutoka mmol/L kwenda mg/dL zidisha kwa 18.

Andika vitu vitatu tu, ulikula nini, namba ya kabla, namba ya baada. Siku ulizotembea dakika 10 au 15 baada ya lanchi weka alama, utaona zinasoma chini, maana misuli ikifanya kazi inavuta sukari. Siku ya msongo, siku hujalala, siku una mafua, namba inaweza kuwa juu na chakula hakina kosa, kwa hiyo usiifute lanchi nzuri kwa sababu ya siku moja mbaya. Na kama ulikula nyama nyingi yenye mafuta, namba ya masaa mawili inaweza kuwa nzuri halafu sukari ikapanda baadaye masaa matatu hadi matano, hili linawahusu zaidi wanaochoma insulini.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukiondoa mkate, ukaacha soda, ukaanza kutembea na ukabadilisha saa ya kula wiki moja, namba itashuka lakini hutajua nini kilichoishusha, na siku ukishindwa kutembea hutajua urekebishe wapi. Mtu wa zamu za usiku apime zamu na siku za mapumziko mbalimbali, hasa kama bado anakula lanchi ile ile saa nane usiku, maana mwili usiku unapokea wanga vibaya kuliko mchana na kontena lile lile linaweza kutoa namba mbili tofauti. Siku ya kliniki nenda na hilo daftari pamoja na glukomita yenyewe. Ukiwa na namba za chini ya 70 humo ndani hata kama ni mbili tu, usisubiri siku ya kliniki, piga simu, dozi inaweza kuwa imeshakuwa kubwa kuliko chakula unachokula sasa.